Mwezi umeandama, shuka kisiwani

WAKATI wa sikukuu, barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa huwa kama mto uliofurika. Magari ya familia yaliyosheheni mizigo na watoto, mabasi ya abiria na malori ya bandari hufuatana mchana na usiku. Uliza wasafiri hao waendako, na karibu wote watakujibu kwa furaha: “Mombasa!”

La kustaajabisha ni kwamba wengi wao hawafiki Mombasa. Aendaye Diani sasa huchepuka Miritini akaifuata barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka 2024, asiione hata feri ya Likoni. Aendaye Nyali au Bamburi hukipita kisiwa mbio akiwa ndani ya gari na vioo vimefungwa. Naye abiria wa reli ya kisasa, iliyoanza kubeba watu mwaka 2017, hushukia kituo cha Miritini, huko bara.

Kisiwa chenyewe, chenye ukubwa wa kilomita 14 hivi za mraba, ndicho kilichoipa sehemu yote hiyo jina na heshima. Wenyeji hukiita Mvita. Watoto wengi wa bara wameizoea Mombasa ya bwawa la kuogelea na chakula cha hotelini, lakini Mombasa ya watu hawaijui. Siku njema ya kuijua ni siku ya Idi.

Kila dini ina sikukuu yake ya kufunga safari. Wayahudi wana Sikukuu ya Vibanda, ambayo huja kila Septemba au Oktoba, na familia hukusanyika kula ndani ya vibanda vilivyoezekwa kwa matawi. Kalenda yao hufuata mwezi, lakini kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezewa mwezi mzima, ndiyo maana sikukuu hiyo haihami msimu. Wakristo wengi wa bara nao wana Krismasi, wakati mji mkuu unapobaki mtupu kwa watu kurejea mashambani.

Idi haina msimu. Kila mwaka hurudi nyuma siku kumi na moja hivi, na kwa miaka mingi huzunguka kiangazi, masika na vuli. Mwaka 2024, Idi-ul-Fitr iliangukia Aprili 10, katikati ya likizo ya shule, na mvua za masika zikibisha hodi. Ndipo jirani yetu wa Nairobi, mzaliwa wa Kibokoni katika Mji wa Kale, alipotualika tukale Idi nyumbani kwa mamake. Sisi ni Wakristo wa bara. Tulikubali, mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka minane.

Makindu hadi Mackinnon Road

Tuliondoka Nairobi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Safari ni ya kilomita 480 hivi, na mume wangu ana sheria moja asiyoivunja: barabara hii haendeshi usiku akiwa na watoto. Ni sheria ya busara. Sehemu kubwa ya barabara ina njia moja tu ya kwenda na moja ya kurudi. Giza likiingia, malori huongezeka, macho ya madereva hulemewa na usingizi, na tamaa ya kuyapita magari mengine imeacha mayatima wengi.

Anayesafiri mchana hupata faida nyingine. Huona njia.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga. Lilijengwa mwaka 1926, na asili yake ni Masingasinga waliokuja kujenga na kuhudumia reli. Hapo msafiri yeyote, wa dini yoyote, hupewa chakula bila kudaiwa senti. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unaketi, unaletewa chapati, dengu na chai. Kuna sanduku la sadaka kwa anayetaka kutoa. Kijana wetu aliuliza mara mbili nani atalipa. Jibu lilimshangaza kuliko simba wote aliowatarajia Tsavo.

Baada ya Mtito Andei, ambapo ni kama nusu ya safari, barabara huingia katikati ya mbuga mbili za Tsavo, Mashariki na Magharibi, zilizoanzishwa mwaka 1948. Penye daraja la mto Tsavo tuliwasimulia watoto habari za mwaka 1898, simba wawili walipokuwa wakiwakamata wajenzi wa reli ndani ya mahema yao usiku, hata kazi ikasimama. Simba hao waliuawa Desemba mwaka huo huo, na leo wamo katika jumba la makumbusho mjini Chicago, Marekani. Mbele kidogo tuliona ndovu, wekundu kwa udongo wa huko, wakipita chini ya reli mpya kwenye matundu waliyoachiwa na wajenzi.

Ukishapita Voi na Maungu, unafika Mackinnon Road. Hapo, kando ya reli ya zamani, upo msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyefariki mwaka 1902. Inasimuliwa kwamba alikuwa kibarua wa reli, na kwamba karai lake la mchanga lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Madereva wengi, Waislamu na wasio Waislamu, husimama hapo kuomba safari ya heri.

Hivyo basi, kabla hata ya kuuona mnazi wa kwanza, watoto walikuwa wamekwisha kupita kwenye nyumba mbili za ibada za watu wasiowajua, na hakuna aliyewauliza ni wa kabila gani. Ulikuwa utangulizi mwema wa tulikokuwa tukienda.

“Ndoo!”

Mariakani hewa hubadilika. Joto huwa zito, minazi huanza, na jasho huwaambia watu wa bara kuwa wamefika pwani. Tulivuka Makupa kuingia kisiwani saa kumi na moja jioni, tukaacha gari nje ya Mji wa Kale. Vichochoro vya huko vilipimwa kwa upana wa mtu, punda na mkokoteni, si kwa upana wa gari la familia. Isitoshe, wembamba huo una hekima yake. Nyumba mbili zinazotazamana hutiliana kivuli, na upepo wa bahari hupita katikati kama kwenye bomba.

Mwenyeji wetu, mama wa makamo ya uzee ambaye watoto walimwita Bibi mara moja, alikuwa ameketi barazani. Alipomwona kijana wetu amejificha nyuma yangu, alimnyoshea mkono akasema: “Ndoo, mwanangu, ndoo!” Mtoto alitazama huku na huku akitafuta ndoo. Jirani yetu alicheka hadi akashika ukuta.

Kwa Kimvita, lahaja ya kisiwa hiki, “ndoo” ni njoo. Njia ni “ndia”, macho ni “mato”, na mchele ni “mtele”. Barabara mashuhuri ya Mji wa Kale, Ndia Kuu, ni njia kuu tu. Ndicho Kiswahili alichotungia mashairi yake Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Binti yetu, ambaye shuleni hulalamikia Kiswahili kuwa somo gumu, alianza kuandika maneno hayo kwenye daftari lake bila kulazimishwa na mtu.

Adhana ya magharibi ilipolia, mkeka ulikuwa umekwisha kutandikwa. Tende kwanza, na maji. Kisha uji, sambusa, katlesi, mahamri na mbaazi za nazi, muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Hatukuwa tumefunga, lakini hatukupewa sahani ya pembeni kama wageni. Tuliketi katika sinia moja na wale waliokuwa na njaa ya mchana kutwa, na wao ndio waliokuwa wakitusogezea minofu.

Ngomeni na vichochoroni

Jumanne tuliitenga kwa kutembea. Fort Jesus, au Ngomeni kama wenyeji wanavyopaita, ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Watoto hupenda mizinga, lakini ukuta huo una hadithi kubwa kuliko mizinga. Kati ya mwaka 1631 na 1875 ngome hiyo ilitekwa na kupotezwa mara tisa.

Mfikirie Yusuf bin Hassan. Alichukuliwa na Wareno akiwa mtoto, akalelewa Goa huko India, akabatizwa jina la Jeronimo, kisha akarudishwa awe mfalme wao Mombasa. Mwaka 1631 aliwageuka, akaitwaa ngome. Wareno waliirudia baadaye. Mwaka 1696 Waarabu wa Oman waliizingira, na mazingira hayo yaliendelea karibu miaka mitatu, hadi Desemba 1698 waliobaki ndani, wamedhoofishwa kwa njaa na maradhi, waliposhindwa. Waingereza nao waliigeuza jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Binti yetu alisimama kwenye kijumba kimoja cha jela, akanyosha mikono apime upana wake, akatoka bila kusema neno.

Kutoka Ngomeni tulifuata Ndia Kuu. Hapa miguu ndiyo gari. Tuliona milango ya nakshi iliyochongwa maua na minyororo, roshani za mbao zilizoning’inia juu ya vichochoro, na msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe mnene, ambao kwa mapokeo ulijengwa mwaka 1570. Tulishuka hadi Bandari ya Kale, ambako majahazi yalikuwa yakitia nanga karne nyingi kabla ya kuwapo kwa Kilindini. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika mwaka 1331, aliandika kwamba chakula cha watu wa hapa kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba walikuwa wacha Mungu wenye misikiti ya mbao. Samaki wangali wapo, na wacha Mungu pia.

Jioni ya Mwezi

Jioni hiyo ndiyo tuliyojifunza maana halisi ya kungoja. Kwetu bara sikukuu imechapishwa kwenye kalenda ya ukutani. Hapa watu walipanda mapaani na wengine wakaelekea ufukoni, macho yote magharibi. Mwezi ukionekana, kesho ni Idi. Usipoonekana, mfungo unakamilisha siku 30. Miaka mingine huzuka mjadala, maana wako wanaofuata mwezi ulioonekana Saudi Arabia na wako wanaofuata ulioonekana hapa hapa, na jamaa wa nyumba moja huweza kula Idi siku mbili tofauti. Mwaka huo haukuwa na mjadala. Kelele zilianza upande wa Kuze, zikapokelewa Kibokoni, na watoto wa mtaa wote wakatoka mbio: mwezi umeandama!

Mji haukulala. Kule Marikiti na katika barabara ya Biashara, palipo maduka ya leso, hapakuwa na pa kutia mguu. Kina mama walikuwa wakinunua leso kwa kusoma kwanza maandishi yake, kwani leso hupendwa kwa rangi na hununuliwa kwa maneno. Wasichana walitiwa hina. Binti yetu naye akatiwa, mikono yote miwili.

Tuliporudi, Bibi alikuwa akipima mchele kwenye vibaba. Hiyo ilikuwa zaka ya Fitri, chakula ambacho kila familia yenye uwezo huwapa masikini kabla ya sala ya Idi ili asiwepo mtu wa kulala njaa siku ya furaha. Kijana wetu alitumwa pamoja na wajukuu wapeleke vifurushi nyumba mbili za jirani. Walirudi wakiwa wanyamavu kidogo.

Siku yenyewe

Asubuhi ya Idi, wanaume na wavulana walitoka wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, wengine kuelekea misikitini na wengine viwanjani kuswali. Sisi wanawake tulibaki na masufuria. Kifungua kinywa kilikuwa tambi za sukari zilizotiwa iliki na zabibu, mahamri, vitumbua na chai ya maziwa. Mchana ukaja pilau, kachumbari na ndizi mbivu, na baada yake halwa na kahawa chungu kwenye vikombe vidogo.

Kati ya mlo na mlo watoto walifanya kazi yao kubwa ya siku hiyo, kuzunguka nyumba hadi nyumba kutoa salamu na kupokea mkono wa Idi. Hapigiwi mtu hesabu. Mtoto akija, anapewa. Wetu walikwenda pamoja na wenzao, wakapewa sawa na wenzao.

Alasiri tulikwenda uwanja wa Makadara kwenye pembea za Idi, kisha Mama Ngina, pale penye mibuyu mikubwa, pafanyiwapo matembezi ya jioni tangu zamani na palipokarabatiwa mwaka 2019. Familia zilikuwa zimeketi kwenye nyasi zikila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na kunywa madafu. Meli kubwa ya mizigo ilipita karibu sana nasi ikiingia Kilindini, na umati wa watoto ukaipungia mikono.

Nyumba inayongoja watu

Usiku wa Idi, vyombo vilipokwisha kuoshwa, Bibi alinipandisha juu kunionyesha nyumba. Ina vyumba saba. Siku hiyo vyote vilikuwa vimejaa, watu wamelala hadi ukumbini. Siku nyingine za mwaka, vitano hufungwa kwa kufuli. Mwanawe mmoja yuko Dubai, mwingine Nairobi, binti zake wawili wameolewa nje ya kisiwa.

Aliniambia kwamba madalali hubisha hodi. Wako wanaotaka nyumba nzima, na wako wanaotaka mlango tu. Nyumba za mawe ya matumbawe zina tabia yake. Zilijengwa kwa chokaa na boriti za mikoko, na hupumua. Ukizipaka saruji juu, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, ukuta ukaanza kuoza kutoka moyoni. Kuzikarabati kwa njia yake ya asili ni ghali, na mafundi waijuao kazi hiyo ni wachache. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini tangazo la serikali haliwezi kulipa fundi wala kumrudisha mtoto aliye ughaibuni. Kona ya chumba kimoja ilikuwa na doa la maji pana kama sinia, na chini yake beseni.

Nilimuuliza kwa nini hauzi. Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto, akasema akiuza, Idi ijayo watarudi wapi?

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi. Watu husema Mji wa Kale unauawa na mvua, na chumvi, na fedha za madalali. Yote ni kweli. Lakini nyumba ikikaa bila watu huanza kufa kabla ya hayo yote, na mji ni hivyo hivyo. Kinachoushikilia mji huu ni watu wanaorudi, pamoja na wageni wanaoshuka, wakanunua halwa kwa muuza halwa na kanzu kwa fundi cherehani, wakaketi barazani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Barabara na reli zikizidi kukizunguka kisiwa, mwenyeji huyo ataponaje?

Ukitaka kwenda

Msomaji uliye bara, ukipanga safari ya Idi na familia yako, zingatia mambo machache. Kwanza, usifunge hesabu ya siku mapema mno. Acha nafasi ya siku moja mbele, maana mwenye kauli ni mwezi. Pili, safiri mchana, na mpumzike angalau mara tatu. Tatu, kama mnafika mwezi wa Ramadhani haujaisha, watoto wasile barabarani hadharani mbele ya waliofunga.

Mkiwa Mji wa Kale, kumbukeni kwamba mko mlangoni kwa watu. Vaeni nguo za heshima. Toeni salamu kabla ya kuuliza njia. Msimpige mtu picha bila ruhusa, hasa kina mama. Mkikaribishwa ndani, pigeni hodi, vueni viatu, na msiende mikono mitupu. Kilo ya sukari au matunda yatosha. Na mkiambiwa kuleni, kuleni.

Kama hamna jirani wa kuwaalika, msihofu. Siku ya Idi salamu yenyewe ni mwaliko. Msemeshe mzee aliyeketi barazani, mwambie Idi Mubarak, umwulize habari za mlango wake. Pengine utatoka hapo baada ya saa mbili, ukiwa na kikombe cha pili cha kahawa tumboni, na wanao wamekwisha kupotelea ndani na watoto wa nyumba.

Ufuo wa bahari mtaukuta pale pale Idi ikishapita. Nyumba ya Bibi, yenye vyumba vitano vilivyofungwa na beseni chini ya doa, haina hakika hiyo. Idi ijayo mkifika Miritini na kuona njia zimegawanyika, nyoosheni moja kwa moja hadi Makupa, mshuke kisiwani.